Kiswahili na Vita vya Wakubwa: Kutoka Lugha ya Amri hadi Lugha ya Ushahidi

Utangulizi

Katika soko la Kebirigo, Kaunti ya Nyamira, kando ya barabara itokayo Kisii kupitia mjini Nyamira kuelekea Chemosit na Kericho, mama auzaye ndizi amwonapo polisi akipita humtaja kwa Ekegusii kuwa ni omosirikare. Mwanajeshi naye huitwa vivyo hivyo. Neno hilo limetokana na neno la Kiswahili serikali, nalo Kiswahili kililipokea kutoka Kiajemi. Kwa mujibu wa umbo lake, omosirikare ni mtu wa serikali. Abagusii walikuwa na neno lao la vita, esegi, na walikuwa na mashujaa wao wa kulinda mifugo na mipaka. Hata hivyo, mtu aliyekuja na bunduki kwa niaba ya mamlaka ya mbali hakuwa na jina katika lugha yao. Jina alilopewa lilitoka katika lugha aliyokuja nayo, na jina hilo lilikuwa serikali yenyewe.

Makala haya yanaanzia kwenye neno hilo kwa kuwa ndani yake mna muhtasari wa historia ndefu. Katika karne ya 20, mataifa makubwa yalipogombania Afrika Mashariki, na baadaye watawala wa kiimla walipozikalia nchi zake, Kiswahili kilitumiwa sana kuwa lugha ya amri: amri ya kubeba mzigo, ya kusimama kwenye kizuizi, ya kufyatua risasi. Ili kulifafanua jambo hili, makala yatachunguza matukio mawili hasa, yaani Mapigano ya Kisii ya tarehe 12 Septemba 1914 na Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Katika matukio yote mawili, askari walioelekezeana bunduki walikuwa na lugha moja ya kuelewana. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba lugha iliyobeba amri inadaiwa ushahidi. Deni hilo Kiswahili kimelilipa kwa kiasi fulani katika pwani ya Tanzania na huko Kagera. Katika milima ya Gusii bado.

Vita vilivyofika Bosongo

Vita vya Kwanza vya Dunia havikuwakuta Abagusii wakiwa katika utulivu. Mwaka 1905 Waingereza walipeleka msafara wa kijeshi dhidi ya Abagetutu, na watu wengi wakauawa kwa silaha ambazo mikuki na ngao hazikuweza kuzikabili. Mwaka 1907 kituo cha utawala kikaanzishwa mahali palipoitwa Getembe, ambapo leo ndipo mji wa Kisii. Mji huo huitwa pia Bosongo, yaani mahali pa Wazungu, kwa maana Abagusii huwaita Wazungu abasongo. Mnamo Januari 1908, kijana Otenyo, ambaye masimulizi yanaeleza kuwa alitiwa moyo na nabii wa kike Moraa, alimchoma mkuki mtawala G. A. S. Northcote. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye akawa Gavana wa Hong Kong, kuanzia 1937 hadi 1941. Otenyo aliuawa. Msafara mwingine wa kuadhibu ukafuata, vijiji vikachomwa na mifugo ikachukuliwa. Miaka michache baadaye serikali ilizipiga marufuku ebisarate, kambi ambamo vijana waliishi wakilinda ng'ombe, na kwa hatua hiyo jamii ikapokonywa jeshi lake.

Uingereza ilipoingia vitani dhidi ya Ujerumani tarehe 4 Agosti 1914, mpaka kati ya himaya hizo mbili ulikuwa mstari uliopita kusini mwa Gusii, kutoka ziwani kuelekea mashariki. Mwezi Septemba kikosi cha Wajerumani kutoka upande wa Mwanza kilivuka mpaka huo, kikapita Karungu katika ufuo wa ziwa, kikapanda milimani na kuukalia mji wa Kisii. Kilikuwa na maofisa wa Kijerumani, askari Waafrika na wasaidizi wa kivita walioitwa rugaruga. Tarehe 12 Septemba askari wa King's African Rifles, kwa kifupi KAR, wakiongozwa na Kapteni Thorne, walikishambulia kikosi hicho kutoka kwenye vilima vinavyouzunguka mji. Mapigano yaliendelea mchana huo, na Thorne mwenyewe akauawa. Jioni ilipofika, kila upande ulikuwa umeumia kiasi cha kutotaka kuendelea. Waingereza walirudi nyuma, nao Wajerumani wakauacha mji na kurejea kwao.

Kwa siku chache Bosongo ikawa haina Msongo. Ofisi za serikali, maduka ya wafanyabiashara na vituo vya misheni vikavamiwa na kuporwa na wenyeji. Katika maandishi ya utawala, kitendo hicho kilielezwa kuwa ni wizi na uasi. Kwa wengi miongoni mwa Abagusii, maana yake ilikuwa nyingine. Nabii wao Sakawa, aliyefariki kabla ya kituo hicho kujengwa, alikumbukwa kuwa alitabiri ujio wa wageni na kuondoka kwao. Watu waliowaona Waingereza wakikimbia waliamini kuwa utabiri umetimia. Waingereza waliporudi walilipiza kisasi kwa kutwaa ng'ombe, kuchoma nyumba na kuua.

Yaliyofuata yanaonyesha jinsi ugomvi wa wageni ulivyofasiriwa na wenyeji kwa mantiki yao. Dini ya Mumbo, iliyoanzishwa Alego mnamo 1913 na Onyango Dunde, ilienea Gusii katika miaka ya vita na baada yake. Wafuasi wake waliamini kuwa utawala wa Wazungu utatoweka na wakati wa neema utafika. Serikali iliiogopa imani hiyo, na katika miaka ya 1920 ikawakamata baadhi ya viongozi wake na kuwahamisha hadi pwani, mbali na watu wao. Watu ambao kosa lao lilikuwa kuamini kuwa himaya ina mwisho walipelekwa katika nchi ya Waswahili kama mahabusu.

Maadui wenye lugha moja

Katika maelezo ya kawaida, Mapigano ya Kisii huhesabiwa kuwa tukio dogo la vita vikubwa kati ya Mwingereza na Mjerumani. Mwanafunzi wa Kiswahili anapoyatazama, huona jambo jingine. Katika jeshi la Wajerumani, amri za gwaride zilitolewa kwa Kijerumani, lakini mazungumzo kati ya ofisa na askari, na kati ya askari wa makabila mbalimbali, yaliendeshwa kwa Kiswahili. Katika vikosi vya KAR vya Kenya na Uganda, Kiswahili, kikiwa kimechanganyika na Kiarabu cha Wanubi, kilifanya kazi hiyo hiyo. Kwa hiyo askari wa pande zote mbili wangaliweza kusalimiana bila mkalimani. Waliokaa kando wakitazama vita hivyo katika ardhi yao, yaani Abagusii, ndio waliokuwa hawana lugha hiyo.

Kamusi ya majeshi hayo inathibitisha ukaribu huo. Neno askari ni la Kiarabu na lilitumiwa na pande zote. Neno afande limetokana na Kituruki efendi, na vivyo hivyo vyeo vya zamani kama ombasha na shaushi. Maneno haya hayakuletwa na Waturuki wenyewe. Yaliletwa na wanajeshi kutoka Sudani waliokuwa wamehudumu katika jeshi la Misri lililofuata desturi za dola ya Uthmaniya. Baadhi yao waliajiriwa na Wissmann mnamo 1889 ili kuwavunja nguvu wapiganaji wa pwani waliompinga Mjerumani. Wengine waliingizwa na Lugard katika utumishi wa Waingereza huko Uganda mnamo 1891. Hivyo, dola mbili zilizoshindana zilikodi watu wa asili moja, nao wakaleta maneno yaleyale katika kambi zote mbili. Polisi wa Kenya anayeitikia "Ndiyo, afande" leo hii hutamka neno la himaya ambayo haipo tena tangu mwanzo wa miaka ya 1920.

Aidha, vita viliyapa maneno ya zamani kazi mpya. Mzinga, ambao ni gogo lililochongwa ili nyuki waingie, ukawa pia silaha irushayo makombora, kwa sababu ya umbo lake. Posho, yaani chakula apimiwacho mtu aliye kazini au safarini, ikawa mgao wa unga wa askari na mpagazi, na leo nchini Kenya mashine ya kusaga mahindi huitwa mashine ya posho. Anayepeleka debe lake la mahindi kwenye mashine hiyo hana sababu ya kufikiria kambi ya vita. Maneno hayana kawaida ya kumkumbusha mtumiaji yalikotoka. Kazi hiyo ni ya wasomi wa lugha.

Mizigo, namba na majina

Wahenga walisema kuwa wapiganapo tembo, nyasi huumia. Methali hii hutajwa karibu kila mara vita vya wakubwa vinapozungumziwa, na ukweli wake haupingiki. Pamoja na hayo, ina upungufu mmoja: inawataja tembo kama watendaji na nyasi kama kitu kisicho na jina wala sauti. Historia ya wapagazi wa vita hivyo imesimuliwa kwa namna hiyo hiyo.

Afrika Mashariki ya wakati huo haikuwa na barabara za kutosha, na mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo. Chakula, risasi na dawa vilibebwa vichwani na mabegani mwa watu. Waingereza waliunda kikosi maalumu cha wapagazi mnamo 1914 chini ya Oscar Watkins. Jina lake la Kiingereza, Carrier Corps, ndilo lililozaa Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Mwanzoni baadhi walijiunga kwa hiari. Kufikia 1917, wakati uandikishaji mkubwa ulipoendeshwa katika Kenya nzima, machifu walidaiwa watu kama walivyodaiwa kodi, na vijana wengi wa Gusii na nchi jirani walichukuliwa kwa nguvu.

Wengi wa wapagazi hao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Mtu aliyezoea baridi ya milima na ugali wa wimbi alipelekwa katika mabonde yenye joto la kusini mwa Tanganyika, akapewa unga wa mahindi aliopaswa kuupika haraka baada ya mwendo wa siku nzima, mara nyingi bila kuni kavu wala maji safi. Unga usioiva uliharibu matumbo. Idadi ya wapagazi waliokufa upande wa Waingereza pekee, kutoka maeneo yote walikochukuliwa, hukadiriwa kuwa karibu 100,000.

Katika suala la majina ndipo lugha inapohusika moja kwa moja. Kila mpagazi alipewa kibati chenye namba. Majina yaliandikwa na makarani kama walivyoyasikia, na karani asiyejua Ekegusii hakuweza kutofautisha jina la mtu, la baba yake na la ukoo wake. Vita vilipokwisha, mishahara ya maelfu ya waliokufa haikuwafikia jamaa zao kwa kuwa wenyewe hawakuweza kutambuliwa kutokana na kumbukumbu hizo. Mtu alikufa mara mbili: kwanza njiani, kisha katika daftari. Utaratibu wa kumtambua Mwafrika kwa namba haukukoma na vita. Kufikia 1920 wanaume wa Kenya walikuwa wakilazimishwa kubeba kipande, wengi wakikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Neno hilo lililomaanisha sehemu ndogo tu ya kitu likawa jina la hati ya utumwa mpya.

Mkataba wa amani na usanifishaji wa lugha

Wanafunzi wengi wa Kiswahili wanaifahamu historia ya usanifishaji: mkutano wa Mombasa wa 1928 ulioiteua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi, na kuundwa kwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki mnamo 1930. Yanayosahaulika ni mazingira ya kisiasa yaliyowezesha hatua hizo. Kabla ya 1914 Kiswahili kilikuwa chini ya himaya mbili zilizoshindana. Mjerumani alikuwa na shule zake, magazeti yake na tahajia yake, nazo zikaacha maneno kama shule na hela. Mwingereza naye alikuwa na taratibu zake Kenya na Unguja. Baada ya Ujerumani kushindwa, Mkataba wa Versailles wa 1919 uliipokonya makoloni yake, na Tanganyika ikakabidhiwa Uingereza kuwa nchi ya udhamini. Kwa mara ya kwanza sehemu kubwa ya wasemaji wa Kiswahili ikawa chini ya serikali moja ya kikoloni, iliyotaka kitabu kimoja cha shule kitumike kutoka Mombasa hadi Kigoma.

Kwa maneno mengine, Kiswahili Sanifu kina wazazi wengi, na mmojawapo ni ushindi wa kivita. Kusema hivyo si kukibeza. Ni kukumbuka kuwa njia iliyoelekea kwenye vitabu hivyo ilipita juu ya makaburi ya watu ambao wengi wao hawakukijua Kiswahili kabla ya kuamriwa kwacho.

Keya na afande aliyekuwa rais

Vita vya Pili vya Dunia viliuendeleza uhusiano huo kati ya Kiswahili na jeshi. Madikteta wa Ulaya walikuwa mbali na Kebirigo, lakini mwaka 1935 Mussolini aliivamia Uhabeshi, na kuanzia 1940 vijana wa Kenya, wakiwemo wa Gusii, walijikuta wakipigana na Waitaliano katika mipaka ya kaskazini. Baadaye wengine walipelekwa Madagaska mnamo 1942, kisha Bama, ambako divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipambana na Wajapani katika bonde la Kabaw mnamo 1944. Askari wa KAR waliitwa keya, na Kiswahili chao chenye sarufi iliyorahisishwa kikaitwa Kikeya. Jeshi liliwachapishia magazeti ya Kiswahili, kama vile Askari na Heshima. Wengi wa vijana kutoka bara walijifunza kusoma lugha hii jeshini, na kwa hiyo haitakuwa haki kudai kuwa kambi iliwapa amri tu. Iliwapa pia uwezo wa kuandika barua nyumbani.

Hata hivyo, jeshi hilo hilo lilimlea mtu aliyekuja kukitia Kiswahili doa kubwa. Idi Amin aliingia KAR mnamo 1946, na mwaka 1959 akapandishwa hadi cheo cha efendi, ambacho wakati huo ndicho kilikuwa cha juu kabisa kwa Mwafrika katika jeshi hilo. Tarehe 25 Januari 1971 alimpindua Milton Obote na kuitawala Uganda kwa miaka minane. Mataifa makubwa hayakuwa watazamaji. Uingereza na Israeli zilimpokea vyema mwanzoni. Alipogombana nazo, aligeukia Libya na silaha za Urusi ya Kisovieti. Katika mashindano ya Vita Baridi, mtawala aliyewaua raia wake kwa maelfu hakukosa rafiki mwenye ghala la silaha.

Mnamo 1973 utawala wa Amin ulitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa ya Uganda. Kwa mpenzi wa Kiswahili aliye mbali, tangazo hilo lingeonekana kuwa ushindi. Kwa raia wa Kampala aliyesimamishwa usiku kwenye kizuizi cha barabarani, Kiswahili kilikuwa sauti ya mtu mwenye bunduki. Chuki dhidi ya lugha hii iliyodumu Uganda kwa muda mrefu haikutokana na upungufu wa msamiati wala wa fasihi yake. Ilitokana na vinywa vilivyoitumia. Mwaka 2005 katiba ya Uganda ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, lakini marekebisho ya katiba huchukua siku chache kuliko uponyaji wa kumbukumbu.

Kagera: Kisii ya pili

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivamia eneo la Tanzania lililo kaskazini mwa Mto Kagera. Tanzania ilijibu kwa vita, ikishirikiana na Waganda waliokuwa uhamishoni, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikakombolewa. Libya ilikuwa imepeleka askari kumsaidia Amin bila ya kufua dafu. Silaha nyingi za pande zote mbili zilitoka katika nchi za kambi ya kikomunisti.

Kwa upande wa lugha, yaliyotokea Kisii yalirudiwa. Askari wa Uganda walitumia Kiswahili. Askari wa Tanzania walitumia Kiswahili. Maadui walishiriki lugha kwa mara nyingine, katika nchi za ziwa lile lile, miaka 64 baadaye. Tofauti ilikuwa kwamba safari hii raia walipata nafasi ya kulinganisha vinywa viwili. Waganda waliwaita askari wa Tanzania bakombozi, wakiazima neno la Kiswahili na kulivika kiambishi cha Kiganda. Mizinga ya Watanzania waliiita saba saba. Lugha iliyokuwa ya kizuizi ilianza, japo kwa muda, kuwa lugha ya wokovu. Ubora au ubaya wa lugha, kwa hiyo, haumo katika lugha yenyewe. Umo katika kazi inayopewa na watu wanaoipa kazi hiyo.

Utanzu wa ushahidi

Kazi nyingine ambayo Kiswahili kimepewa kwa muda mrefu ni ya kushuhudia. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alitunga utenzi kuhusu Wajerumani walivyoitwaa Mrima mwishoni mwa karne ya 19, akiwa mtu wa mahali palepale na wa wakati uleule. Abdul Karim bin Jamaliddini alitunga utenzi wa Vita vya Maji Maji, vita vilivyopiganwa kuanzia 1905. Shaaban Robert aliandika Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye beti 3,000, kuhusu vita vya 1939 hadi 1945. Henry Muhanika alitunga utenzi wa Vita vya Kagera na anguko la Idi Amin mara tu baada ya vita hivyo. Katika tamthilia, Ebrahim Hussein aliirejelea Maji Maji kwa Kinjeketile mnamo 1969. Nchini Kenya, Abdilatif Abdalla aliyefungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya maandishi yake ya kuikosoa serikali, alitunga akiwa kifungoni mashairi yaliyochapishwa kwa jina la Sauti ya Dhiki mnamo 1973.

Ukiitazama orodha hii, utaona kuwa utenzi wa Kiswahili umefanya kazi ambayo daftari la karani lilishindwa kuifanya. Unataja mahali, siku, majina ya waliouawa na maneno ya walioponea. Utaona pia pengo. Mapigano ya Kisii, kisasi kilichofuata, wapagazi wa milimani na wafuasi wa Mumbo waliohamishwa hawana utenzi wa Kiswahili unaojulikana kwa kiwango cha hizo zilizotajwa. Habari zao zimo katika taarifa za watawala na katika vitabu vya wanahistoria, ambavyo vingi vimeandikwa kwa Kiingereza. Zimo pia katika Ekegusii: katika masimulizi ya jioni, katika majina ya watu, na katika nyimbo zilizoimbwa kwa obokano, ala ya nyuzi nane ambayo wapigaji wake wanazidi kupungua.

Huenda mtu akauliza kwa nini Kiswahili kihusishwe, ilhali kumbukumbu hizo zina lugha yake. Swali hilo ni la haki. Jibu lake ni kwamba Ekegusii ndicho kinachopaswa kusikilizwa kwanza, na masimulizi yake kuhifadhiwa kama yalivyo. Lakini amri ilipotolewa, haikutolewa kwa Ekegusii. Aliyeambiwa abebe aliambiwa kwa Kiswahili, na pengine hicho ndicho Kiswahili cha kwanza alichokisikia maishani. Ni haki yake kuwa jibu lake liingie katika lugha hiyo, lisomwe Lindi na Bukoba, ambako yawezekana amezikwa.

Hitimisho

Nairobi na Dar es Salaam zina sanamu za ukumbusho wa askari wa Vita vya Kwanza, na Kiswahili kimo katika maandishi yake. Huo ni ushahidi wa namna moja, uliotolewa na mwenye amri kwa ajili ya waliomtii. Sanamu hizo hazina majina ya wapagazi wa Bogirango wala wa Bogetutu, na haziwezi kuwa nayo, kwa kuwa daftari liliyapoteza.

Majina hayo yangalipo mahali pengine. Mjukuu wa mpagazi aliyezaliwa katikati ya karne iliyopita sasa ni mzee katika vijiji vinavyouzunguka mji wa Kebirigo, akichuma majani chai au akimngoja anayemchumia. Yeye hakuviona vita, lakini alimsikia aliyeviona, au alimsikia bibi aliyebaki akimngoja mtu asiyerudi. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetoka huko anaweza kumwuliza maswali ambayo karani hakuyauliza: aliitwa nani, jina lake na la baba yake na la ukoo wake, alichukuliwa na nani, kutoka boma lipi, alipita njia gani, alirudi na neno gani jipya, na kama hakurudi, habari za kifo chake ziliwafikia vipi jamaa zake, au hazikuwafikia. Majibu hayo yakiandikwa, yatakuwa malighafi ya utenzi, riwaya au tasnifu. Yasipoandikwa katika miaka michache ijayo, hakutakuwa na wa kumwuliza.

Neno omosirikare litaendelea kutumika sokoni Kebirigo, na hapana ubaya katika hilo. Linasema kweli kuhusu namna serikali ilivyofika milimani. Upande wa pili wa kweli hiyo, yaani waliofikiwa na serikali hiyo walisema nini, bado unangoja kusemwa katika lugha ile ile iliyotangulia kuwaamuru.